Omuramba wa Siku Tatu

Kemi mwanangu,

Najua utacheka ukikuta bahasha yenye jina lako juu ya kitanda chako, tena kwa mwandiko wangu huu ambao hata mimi mwenyewe hunishinda kuusoma kesho yake. Baba gani anamwandikia barua mtu anayelala chumba cha pili? Basi ni mimi. Sasa hivi ni saa tisa alasiri. Wewe umekwenda ng'ambo ya bonde kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua dada yangu hutaachiwa kabla hujala mara mbili. Mama yako yuko uani kwenye mkeka, anamenya maharage mabichi na kuimba ule wimbo wake usio na mwisho. Mimi nimechomoa karatasi katikati ya daftari lako la zamani, unisamehe kwa hilo. Yapo mengine ya kunisamehe, makubwa zaidi, lakini tuanze na karatasi.

Asubuhi nilipita mlangoni kwako nikakukuta unatoa nguo kwenye begi. Sketi, kanga mbili, lile sweta la kijani, unazirudisha moja moja sandukuni.

"Tata," ukaniambia bila kugeuka, "chuo hata mwakani kitakuwepo."

"Chuo kitakuwepo," nikasema, "nafasi yako je?"

Hapo ukageuka. Ukasema, "Kidonda cha mama nilikileta mimi. Nitakiachaje?"

Miaka saba, Kemi, na leo ndiyo mara ya kwanza nasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwako. Nikafungua mdomo nikujibu. Unakumbuka nilichosema? "Basi la Omurushaka linaondoka alfajiri, usichelewe." Ala! Mtu mzima, mvi kichwani, mtoto anamwambia jambo kama hilo yeye anajibu habari za basi! Nikaenda shambani nikajifanya napogoa migomba, nikakata hata majani mabichi. Ndiyo maana nakuandikia. Kidonda hukukileta wewe. Nimejua hivyo siku zote, na ni mimi peke yangu ninayejua, na leo nitakueleza mpaka mwisho.

Sitakuandikia habari za kutunza vitambulisho wala kuchagua marafiki. Shangazi yako atakuwa ameshakueleza hayo yote kati ya sahani ya kwanza na ya pili. Nataka kuanzia mbali kidogo, kwa sababu usipojua nilivyokuwa hutaelewa nilichofanya.

Mimi nilikuwa mkamuaji wa ndizi. Ulikuwa mdogo, lakini mengine utayakumbuka. Hapa Nyakakika yote, mtu akitaka rubisi ya ndizi kwa harusi alikuja kwetu. Ndizi zilizikwa shimoni, zikafunikwa majani, zikapata joto, na siku ya kuzifukua harufu yake ilifika mpaka barabarani. Watu walipita wakiuliza, "Leo leo?" nami nawajibu, "Leo leo!" Tulizimenya tukazimwaga kwenye ule mtumbwi wa mti aliouchonga babu yako, tukatia nyasi, nikanawa miguu mpaka magotini nikaingia kukanyaga. Wewe ulikuwa unakaa ukingoni na kijiti chako unangoja. Ile juisi ya kwanza kutoka, kabla haijatiwa maji wala mtama, kabla haijawa pombe, ndiyo omuramba. Nilikuchotea wewe kwanza. Ulikunywa mpaka tumbo likawa gumu, halafu unalala palepale juu ya nyasi, na nzi wote wa kata wakikuzunguka.

Mama yako nilimpata kwa omuramba huo. Hujawahi kusimuliwa vizuri, kwa sababu yeye husimulia kwa mkato. Nilikwenda Songambele, kwao, kukamua kwenye harusi ya watu. Akaja msichana na kibuyu, akaonja, akatema mate pembeni, akasema, "Mkamuaji wa Karagwe, huku Kyerwa tunanawa miguu kwanza." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilikuwa nimenawa, naapa! Nikarudi Songambele mara tatu mwaka ule bila mtu kuniita. Mara ya tatu akaniuliza kama miguu imeshakauka. Ndivyo tulivyooana, na mpaka leo sijamshinda kwa maneno hata siku moja.

Ninapokumbuka nyumba yetu ya wakati ule naikumbuka kwa kelele. Mama yako akigombana na mbuzi, akigombana na redio, akicheka na majirani kupitia uzio wa minyaa. Alibeba mkungu mzima kichwani huku anakukimbiza wewe uliyekataa kuoga. Natamani ungemwona kwa macho ya utu uzima mama yako akitembea. Ungesema barabara ni yake.

Kisha akaanza kukonda. Akaanza kunywa maji. Alikunywa mtungi ukaisha, akaamka akanywa tena. Mwanzoni nilimtania, nikamwambia ameolewa na kisima. Tulipokwenda kupima, daktari akasema ni kisukari, akatuandikia dawa, akaniangalia mimi machoni, akasema, "Mzee, vitamu basi. Soda, juisi, ndizi mbivu, basi." Nikasema, "Ndiyo, daktari." Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, ukaisoma ile karatasi ya masharti tuliyopewa tangu juu hadi chini, ukaibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Ukawa askari wa nyumba. Ukanikataza mpaka kuonja mbele yake.

Sasa sikiliza, mwanangu. Mimi sukari niliyoijua ilikuwa ya dukani, ile nyeupe, ya kupimiwa kwenye karatasi. Omuramba sikuuhesabu kuwa sukari. Omuramba ulitoka kwenye ardhi yangu na miguu yangu. Mama yangu alipojifungua alipewa omuramba. Babu yako alipougua akakataa chakula, omuramba ndio uliomrudisha. Daktari yule alikuwa kijana, nikajiambia, huyu ametoka mbali, anajua nini habari za ndizi zetu? Nilimtazama mke wangu amelala, mabega yametokeza, midomo imekauka, ananiambia, "Nina kiu, waitu, mwenzangu, nina kiu." Nami ndiye mkamuaji mashuhuri! Nikakamua kidogo, kwa mikono, nyuma ya nyumba, ulipokuwa shuleni.

Nilimpa siku tatu. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jagi zima kila siku. Alikunywa akafumba macho akatabasamu, na ulikuwa muda mrefu sijaliona tabasamu lile. Kadiri alivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi, nami nikaona ni dalili njema, mwili unataka nguvu. Jagi nililificha chini ya kapu la mtama ili wewe usilione. Nilimficha mtoto mwenye akili kuliko mimi, nikajiona mjanja.

Jumamosi nilikwenda shambani kwenye kahawa. Mama yako alikulilia wewe sasa. Ukatafuta cha kumpoza, ukaliona jagi, omuramba umebaki chini kabisa, ukadhani ni langu la kuonja kwa siri. Ulimpa kikombe kimoja. Kimoja, Kemi. Niliporudi mchana ulikuwa unamtikisa na hajibu, anapumua kwa nguvu na mdomo una harufu kama ya matunda yaliyochacha. Majirani wakaja na machela, tukambeba mpaka barabarani, tukapata gari.

Hospitalini nesi mmoja akauliza, "Amekunywa nini?" Nilikuwa nimesimama pale pale. Akauliza tena, "Nani amempa kitu kitamu?" Ukasema, "Ni mimi." Ukalia, ukasema, "Nimempa omuramba, kikombe kimoja." Naye akakugombeza mbele ya wodi nzima, akakuuliza kama unataka kumuua mama yako. Kulikuwa na tangazo la chanjo ukutani. Nililisoma lile tangazo. Nililisoma mara mbili, na sikusema kitu.

Nimetafuta jina la jambo hilo miaka saba. Si woga tu. Nilijiambia nitasema akizinduka. Alipozinduka ile wiki yote ilikuwa imefutika kichwani mwake, hakumbuki Jumatano wala Ijumaa, anakumbuka gulio tu la siku chache kabla. Nikajiambia nitasema tukirudi nyumbani. Alilala kitandani majuma matatu, na kule kulala ndiko kulikomchubua kisigino. Tukarudi na kidonda, na kidonda cha mtu wa sukari unakijua wewe kuliko mimi. Hufunga, hufunguka. Wewe ukaacha shule mwaka mzima ukawa unaosha kisigino hicho. Nikajiambia, sasa nikisema nitamvuruga zaidi. Uongo wa kunyamaza una adabu nyingi, Kemi. Kila siku hukuletea sababu mpya nzuri.

Shangazi yako akaifanya hadithi. Umemsikia. "Watoto wa siku hizi, huyu wetu alimnywesha mama yake omuramba." Aliisimulia hata kwenye harusi ya binti yake, watu wakatikisa vichwa, nami nilikuwa meza ile ile nakula nyama. Nyama ile niliimeza.

Uliniona nilivyokuwa miaka ile ya kwanza. Ulidhani nina hasira na wewe, ukazidi kufanya kazi ili nisikasirike. Nilipiga teke beseni la maji ya kidonda, ukapangusa sakafu bila neno. Nilimfokea mama yako kwa kumwaga uji, mtu ambaye mkono wake ulikuwa unatetemeka. Jioni nilikwenda kunywa rubisi ya watu wengine, kwa kuwa yangu niliacha kuikamua. Watu walinisifu eti naacha kazi kwa sababu ya kumuuguza mke. Wapi! Mtumbwi nilikuwa siwezi kuutazama. Uliniuliza kwa nini nimeupasua kuni, nikakwambia umeoza. Haukuwa umeoza.

Kumuuguza mtu mwaka mmoja ni kazi. Kumuuguza mtu ambaye hatapona, ambaye kesho ni sindano na keshokutwa ni sindano, hapo mtu huanza kuchakaa kwa ndani bila kuonekana. Nilikuwa nachoka kabla sijanyanyuka. Nikimpima sukari moyo wangu unakimbia kuliko wake. Nikikosa usingizi ninahesabu mambo yatakayotokea: mguu utakatwa, macho yatapotea, nitamzika. Nilimzika mama yako mara nyingi sana akiwa hai ananiangalia.

Siku moja, kliniki ya sukari, nesi mmoja mama wa makamo akatukusanya sisi tuliowasindikiza wagonjwa. Akatukalisha kwenye benchi. "Wekeni miguu chini," akasema. "Fumbeni macho. Zisikilizeni nyayo zenu. Sasa pumueni polepole." Nilimwambia, "Sista, nimetoka Nyakakika kwa pikipiki mvua ikininyeshea, kuja kufundishwa kupumua? Kupumua najua tangu nizaliwe." Benchi zima likacheka. Naye akacheka. Akasema, "Sawa mzee, basi nyamaza tu tukifanya sisi." Nilihesabu mabati ya paa. Nilipotoka niliwasimulia watu kama kichekesho, hata wewe nilikusimulia.

Sikujua kwamba nayabeba maneno yake mpaka ile siku ya mguu. Wewe ulikuwa umerudi shule. Ulimwosha mama yako kabla ya kuondoka, ukamwachia kidonda kipate hewa, ukaniomba nikifunge. Nikachukua bandeji, nikapiga magoti. Kichwani nilikuwa na ile migomba ya bondeni iliyopata mnyauko, nagombana na bwana shamba ambaye hakuwepo, namjibu, ananijibu. Nikafunga vizuri, nikakunja ncha, nikapachika. Mama yako ananitazama. Nilipomaliza akasema, "Ahsante baba Kemi. Sasa na ule unaoumwa."

Nilikuwa nimefunga mguu mzima! Tulicheka, yeye akajifuta machozi, halafu akaacha kucheka ghafla akaniangalia. Akasema, "Mikono yako huwa inakuja kila siku. Wewe sikuoni." Hilo liliniuma kuliko matusi. Maana ni kweli, nilikuwa siko. Nilikuwa kwenye migomba, nilikuwa kwenye makaburi ambayo hayajachimbwa, nilikuwa wodini nasoma tangazo la chanjo. Na yule mwanamke alikuwa pale mkekani, peke yake, mguu wake mikononi mwa mtu asiyekuwepo.

Basi nikaanza kidogo kidogo, bila kumwambia mtu, maana ningechekwa. Nesi alikuwa amesema tuchague jambo moja tunalolijua tangu zamani, tulifanye polepole, tusifanye jingine. Mimi nina nini ninachokijua? Nina kahawa ya kutafuna. Unajua mgeni akija kwetu hatumuulizi shida yake mpaka tumempa kahawa mkononi. Anatafuna, anatulia, ndipo neno linatoka. Nikasema basi na mimi nijikaribishe. Kila asubuhi kabla ya kuingia kwa mama yako nakaa kizingitini, naweka buni moja mdomoni. Moja. Nasikia ganda linavyokataa, halafu linavyokubali, ule uchungu, halafu yale majani ya dawa yaliyochemshwa nayo. Nasikia kizingiti kilivyo baridi. Mawazo yanakuja, yanakuja sana. Siyapigi. Mbuzi akiingia kwenye maharage unamtoa tu, akirudi unamtoa tena, hukai kumlaani siku nzima. Buni ikiisha naingia ndani, nashika mguu, na mguu ndio ninaoushika.

Umeniona mara nyingi pale kizingitini ukadhani navivia. Siku moja uliniambia, "Tata, maji yanapoa." Nikakujibu, "Yaache yapoe."

Sikudanganyi kwamba ni dawa. Zipo asubuhi natafuna tano mfululizo na bado nataka kupiga ukuta. Sukari yake haijashuka kwa sababu mimi natafuna kahawa. Lakini siku nilipoanza kuwepo nikaanza kumwona tena. Niliona kwamba ana unywele mmoja wa mvi unaosimama. Niliona anavyokaza vidole nikifika penye maumivu kabla hajasema, nikajifunza kusimama hapo. Akaanza tena kunitania, na miaka miwili mitatu hii mama yako na mimi tumekaa pamoja kuliko wakati wa ujana wetu, wakati ule alipokuwa anakimbia na mimi nakimbia. Wewe umemfundisha kujidunga sindano mwenyewe, nami kuweka insulini kwenye chungu cha mchanga wenye maji. Kidonda kimepungua mpaka ukubwa wa kucha. Nakuambia haya ili ujue unamwacha na nani. Si yule aliyepiga teke beseni.

Na kuna jambo lililonipata ambalo sikulitazamia. Ukianza kukaa kimya na kupumua, yale uliyoyafukia hufufuka. Nilidhani nitapata utulivu, nikampata mtoto wa miaka kumi na mitano anasema "Ni mimi." Kila asubuhi, buni mdomoni, huyo hapo. Namtoa, anarudi. Huyo si wa kutolewa, nikaja kuelewa. Huyo ana haki yake. Nimekuwa nikijiandaa kukuambia tangu masika ya mwaka jana, na asubuhi ya leo uliponifungulia mlango mwenyewe nikakujibu habari za basi.

Nimesimama hapa nikaacha kalamu. Nilikwenda uani. Nilijua nikikupa barua kabla ya kumwambia mama yako nitakuwa nimejificha nyuma yako mara ya pili. Nikakaa kwenye mkeka, nikavua viatu, nikaweka nyayo chini, ndiyo, kama yule nesi wa kliniki alivyosema, cheka tu. Nikamwambia yote. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, jagi, kapu la mtama, wodi.

Hakuacha kumenya maharage. Alimenya maganda kama kumi hivi. Nilitaka kusimama, nilitaka kwenda kuangalia mbuzi, nilitaka kueleza kwamba nilimpenda ndiyo maana. Nilisikia pumzi yangu inapanda inashuka, nikakaa nayo.

"Kunipa ulinipa kwa ujinga," akasema mwisho. "Ujinga hata mimi ninao. Ningekuomba, ungenipa, ningekunywa. Lakini mtoto, Kamugisha?" Hajaniita kwa jina langu tangu uzaliwe. "Miaka saba mtoto ananiosha kisigino huku analipa kosa lako, na mimi namwangalia nasema nina binti mwenye huruma! Yesu na Maria. Nenda. Nenda kamalize barua yako. Usiniombe msamaha leo, sina."

Nikauliza nikuandikie nini kutoka kwake.

"Mwandikie aende," akasema. "Mwandikie akikaa hapa kwa ajili ya kidonda hiki nitakikwangua mwenyewe kwa kisu. Na akija likizo atanikuta bado nimekukasirikia. Itanitia nguvu, nitaishi sana."

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Sasa haimbi tena, lakini nasikia anamenya.

Shangazi yako nitamwambia Jumapili, baada ya misa, pale pale nje ya kanisa, mbele ya wale aliowasimulia. Itanichukua muda mrefu kufika, najua miguu itakuwa mizito. Nitakwenda.

Kemi, sijui utanichukuliaje ukimaliza kusoma. Labda hutataka nikusindikize Omurushaka kesho. Nitakaa kizingitini, ukitaka nibebe begi nitabeba, ukinipita bila neno nitajua umesikia. Usinisamehe haraka ili unifurahishe. Umeshanifurahisha kupita kiasi kwa miaka saba, na sikustahili. Nuna mpaka Mwanza. Ukifika chuoni, siku utakapolemewa, siku utakapohisi lazima ukimbie urudi kufunga miguu ya watu, kaa kwanza. Sikia kiti kinavyokubeba. Jiulize hiki ninachokibeba ni cha nani. Mimi sikujiuliza, ukabeba wewe.

Ulikuwa mtoto mwenye kiu ya mama yake mbele yake, ukampa kikombe. Hilo ndilo kosa lako lote, na mtu akilitaja tena, hata awe dada yangu, mwambie aje kwa baba yako.

Yule nesi wa wodini aliuliza nani amempa. Ni mimi. Mimi nabaki hapa na kidonda. Wewe nenda.

Tata yako,
Kamugisha